Kahawa Ikitoa Maua, Wageni Wanakaa Juu

Wenzangu mnaobaki nyuma ya kaunta mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi yangu kabla sijazisahau. Nimefurahi, ingawa nahisi aliyetoa wazo hilo alitafuta tu mtu wa kujaza kurasa za lile daftari la wafanyakazi ambalo hakuna anayelifungua. Nitaandika hivyo hivyo. Vyeo sitavieleza, kwa sababu nilipandishwa mara moja tu, kutoka mhudumu wa baa kuwa mhudumu mkuu wa baa, na tofauti yenyewe ni kwamba nilipata mtu wa kumlaumu barafu ikiisha. Ninachotaka kukiweka sawa ni maneno ninayoyasikia huko nyuma yangu kuhusu siku ile ya maua, eti mama mtu mzima alichanganyikiwa akawanyima wageni vinywaji. Sikuchanganyikiwa. Niliwanyima nikiwa na akili zangu zote, na ningewanyima tena kesho asubuhi.

Lakini nianze mwanzo, la sivyo mtadhani nilizaliwa mkaidi. Ukaidi nilijifunza kazini.

Nilifika hotelini pale Same nikiwa na shahada ya falsafa ndani ya bahasha ya kaki, nimeibana kwapani kama mkate. Nilikuja kuomba kazi ya mapokezi. Mapokezi palikuwa pamejaa, ila kaunta ya baa ilikuwa na mtu mmoja tu, Mzee Eliamini, mwembamba, mwenye tai nyeusi aliyoivaa hata mwezi wa pili, wakati joto la Same linawafanya mbuzi walale chini ya magari.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti. Umesoma nini?”

“Falsafa.”

“Hiyo inahusu nini?”

“Inahusu kuuliza maswali, mzee.”

Akafuta bilauri, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena. “Hapa anayeuliza ni mgeni. Wewe majibu yako ni mawili. Ipo. Haipo.”

Nilidhani nitakaa miezi mitatu, nipate nauli ya kurudi Dar kutafuta kazi inayofanana na bahasha yangu. Nilikaa miaka ishirini na saba. Bahasha bado ninayo. Mchwa walikula upande wenye jina la chuo, wakaacha upande wenye jina langu, na hilo nimelichukua kama heshima.

Vifaa vya Mzee Eliamini vilikuwa vichache. Kopo la kutikisia lenye mfuniko uliobonyea, kipimo cha toti ambacho hakukitumia kwa sababu kidole gumba chake kilikuwa sahihi zaidi, kisu kifupi cha ndimu, na taulo mbili, moja ya bilauri na moja ya kaunta. Ukizichanganya taulo hizo alikuwa hasemi na wewe mpaka saa kumi jioni. Barafu aliipenda kama mifugo. Alijua ipi ya jana na ipi ya leo kwa kuisikiliza ikigonga kopo. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuisikia tofauti hiyo, na mwaka wa pili kukiri kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nadanganya.

Jambo gumu alilonifundisha halikuwa kuchanganya, lilikuwa kumkatalia mgeni. Mnajua misafara ya misiba inayotoka Dar kupandisha Moshi, inavyosimama Same watu wale, wanyooshe miguu. Siku moja mwanamume wa makamo alijitenga na msafara wake akaja kaunta, suti nyeusi, macho mekundu. Akaagiza pombe kali. Mzee Eliamini akampa maji. Akanywa. Akaagiza tena. Mzee akampa nusu toti. Mara ya tatu akasema haipo, na chupa ilikuwa imesimama nyuma ya kichwa chake, imejaa.

“Naiona hiyo hapo!” yule bwana akasema.

“Hata mimi naiona,” Mzee akajibu. “Haipo. Una mzazi wa kumshusha kaburini saa tisa, baba. Ukirudi kesho itakuwepo.”

Yule bwana alitukana, akalia, akaenda. Kesho yake alirudi kweli, akaagiza soda, akampa Mzee mkono kwa muda mrefu. Usiku huo nilimwambia Mzee Eliamini kwamba amefanya kazi ya mwanafalsafa. Akaniambia nifute kaunta.

Mzee alipofariki nilirithi kopo, kisu na taulo. Tai alizikwa nayo.

Sasa nije kwa Mjapani.

Mhandisi Tanabe alikuja na mradi wa maji. Alikuwa akipima zile ndiva zetu za milimani, mabwawa madogo ambamo wakulima hukusanya maji ya usiku ili wayafungulie mashambani asubuhi. Alikaa hotelini kwetu zaidi ya mwaka. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili cha vitabuni kilichonyooka kuliko changu, na alikunywa bia moja kila jioni akiandika namba. Mwezi wa nne akaanza kunywa bila kuandika. Nikamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

“Hapana, dada Namkunda. Kwetu baridi imeisha, maua yamefunguka. Wiki hii watu wote wako chini ya miti. Wanatandika mikeka, wanakunywa, wanaimba vibaya. Maua yanakaa siku chache tu, kisha yanaanguka.”

“Na nyinyi mnanywa nini?”

“Sake. Pombe ya mchele. Nimeletewa chupa mbili, lakini kunywa peke yangu chumbani naona aibu.”

Akazileta kaunta, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikaziweka mahali pa heshima kuliko pote: rafu ya juu, karibu na dirisha, jua la Same likizipiga kila alasiri. Mimi msomi. Nilidhani pombe ni pombe, haiozi. Nilizitunza hivyo kwa miezi, nikizipangusa vumbi, tukisubiri siku maalumu, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kitu.

Nilikuwa nimemwambia: “Hata kwetu Suji kuna maua ya siku chache. Kahawa. Subiri mvua za vuli.”

Vuli ilipokaribia nikaona nifanye majaribio kwanza. Nikafungua chupa ya kwanza. Ilikuwa imegeuka rangi ya mkojo wa punda, na harufu yake ilikuwa ya uji uliosahauliwa. Kumwambia niliona haya. Nikafanya alichokuwa akifanya Mzee Eliamini bia zikiwa za moto: nikajipa shughuli. Nikaponda tangawizi mbichi, nikakamua ndimu, nikatia maji ya miwa na asali kidogo, nikatikisa na barafu mpaka kopo likanigandisha vidole. Nikamwekea mbele yake.

Tanabe akanywa. Akanywa tena mpaka nusu.

“Dada Namkunda,” akasema, “sake hii imekufa.”

Nikatamani sakafu inimeze.

“Lakini umeizika vizuri sana. Niongeze.”

Hivyo ndivyo kinywaji kile kilivyopata jina la Maziko, na ndiyo sababu meneja mmoja baada ya mwingine alilifuta jina hilo kwenye orodha. Wageni wa misafara walikuwa wakilisoma na kuweka kijiko chini. Chupa ya pili Tanabe aliipandisha mwenyewe milimani siku iliyofuata, akaificha mahali pa baridi. Baadaye nitasema wapi.

Kahawa yetu iko matutani, kwenye mteremko mkali wa kijiji kimoja juu ya Suji kidogo. Mvua za kwanza zikinyesha vizuri, hesabu siku tisa au kumi. Unaamka asubuhi unakuta matawi yamevaa nyeupe tupu, na harufu kama yasmini imeingia mpaka kwenye mablanketi. Siku tatu, imekwisha. Nimekulia katika harufu hiyo na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitazama tu. Kahawa ile ndiyo iliyonisomesha. Kila ua lililobaki mtini lilikuwa buni, na buni zile zilikuwa ada, na ada ile ilikuwa falsafa, na falsafa mnajua ilikoishia.

Basi nikampandisha Tanabe kwa gari la mradi, na kikapu, na ndoo ya barafu iliyozikwa ndani ya maranda ya mbao ili isiyeyuke njiani. Nikachukua mkeka. Nikajisemea tutafanya kama kwao, nikaanza kushuka moja kwa moja katikati ya kahawa, mkeka begani, nikitafuta mahali pa kutandika.

“Namkunda!”

Sauti ya mama. Alikuwa jikoni, mbali, lakini mama yangu ana sauti ya kuitia ng'ombe wa jirani. Akaendelea kwa Kipare, na sitatafsiri yote. Sehemu inayotafsirika ilisema: toka humo.

Nilikuwa nimesahau. Miaka ya mjini ilikuwa imenisahaulisha jambo ambalo mtoto wa miaka minne wa kwetu analijua. Kahawa ikiwa na maua, haingii mtu. Hakuna palizi, hakuna dawa, hakuna njia ya mkato, hata mbuzi akiingia anatolewa kwa kubembelezwa. Ukipita unatikisa, ukitikisa ua linaanguka, na ua lililoanguka halina mwaka huu tena. Mdomoni mwa shamba mama hufunga jani la sale, ule mmea wa mipakani wenye majani marefu, kwa fundo, limekatiza njia. Kwetu hiyo ni alama inayotosha. Hakuna haja ya kufuli wala kibao.

Tena mti wa kahawa wetu unakatwa uishie kifuani. Chini yake hakukaliki. Ungelazimika kulala kifudifudi kama mjusi.

Tanabe alikuwa amesimama palepale kwenye fundo la sale, hajalivuka. Hakuambiwa na mtu. Mpaka leo nikilikumbuka hilo najiona mjinga.

Mama akaja akijifuta mikono. Mama yangu ni mzee wa kanisa na hajawahi kuonja pombe. Kazi yangu alikuwa akiiulizia kama watu wanavyoulizia kidonda: “Bado ipo?” Akasalimiwa, akaitikia, akatuketisha kwenye tuta la juu kabisa, ambapo unatazama kahawa yote kwa chini, ngazi kwa ngazi, nyeupe, kama maziwa yaliyomwagika yakakataa kushuka. Akaleta chai yake. Tukanywa sake yetu. Kisha akaanza kumhoji mgeni.

“Namkunda anasema kwenu mnakaa chini ya maua.”

“Ndiyo, mama. Chini kabisa. Yanatuangukia kichwani.”

“Hayo maua, matunda yake mnayafanyaje?”

“Hayazai, mama. Au yanazaa kidogo, machungu. Tumeichagua miti hiyo kwa ajili ya maua. Ni ya kutazama tu.”

Mama akanywa chai. “Basi ndiyo maana mnakaa chini yake,” akasema. “Hayana cha kupoteza.”

Tanabe akatoa daftari lake la namba, akaandika. Nilichungulia. Hakuandika namba.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila vuli, mvua ikishika, mama alimwambia jirani mwenye simu, jirani akanipigia hotelini, na mimi nikapandisha wageni wachache, sita, kumi, siku nyingine wawili. Tanabe alirudi kwao mradi ulipoisha, lakini kila mwaka alipata mtu wa kumpa chupa aniletee. Nilikuwa nimejifunza. Chupa haikulala Same hata siku moja. Ilipandishwa mlimani, ikalala kwenye stoo ya viazi ya mama, gizani, kwenye baridi. Ndiko Tanabe alikoificha ile chupa ya pili, alipopita kwenda kupima ndiva. Mama aliiita maji ya Mjapani na aliilinda kuliko viazi.

Kwa mtakaotaka kuchanganya, shikeni hivi. Sake toti mbili, iliyo hai, kwa hiyo asali punguzeni, haina cha kufichwa. Tangawizi pondeni pale pale, msiilete imepondwa kutoka mjini. Maji ya miwa nusu bilauri. Ndimu robo. Tikiseni kidogo tu, sake haipendi kupigwa. Na msiweke ua juu. Kila mgeni anauliza mbona hakuna ua, kwenye picha huwa kuna ua. Jibu ni kwamba ukiweka ua la kahawa kwenye bilauri umemnywea mtu buni yake mbele ya macho yake.

Miaka ikapita hivyo. Wageni walikaa juu, walitazama chini, walinywa, walishuka. Hakuna aliyelalamika.

Kisha mwenye hoteli akachoka, akamkabidhi mpwa wake, kijana aliyesomea biashara. Nitamwita Meneja, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa, hata na shangazi yake mzazi. Hakuwa mtu mbaya. Alirekebisha mabomba, alilipa kwa wakati, na alinisalimia shikamoo kila asubuhi bila kuinua macho kwenye simu. Siku moja aliyainua.

“Anti, hii kitu yako ya maua ni kubwa kuliko unavyojua. Watu wa Dar watakuja. Tufanye eksipiriensi.”

Akanionyesha tangazo. Picha ilikuwa ya miti ya Japani, waridi mpaka mbinguni, watu wamekaa chini. Juu yake maandishi: Chini ya Maua, Milima ya Upare. Nafasi thelathini. Zote zimeuzwa.

“Meneja, sisi tunakaa juu.”

“Watakaa chini. Tutaweka mito katikati ya mistari ya kahawa. Na ua moja kwenye kila glasi.”

“Haiwezekani. Kahawa ikiwa na maua haiingiliwi.”

“Tutamlipa bibi.”

Nikapanda kwa mama Jumapili hiyo, nikamweleza neno kwa neno. Mama alikuwa anakaribia miaka themanini na mitano. Majirani walikuwa wameshang'oa kahawa wakapanda tangawizi. Yeye alibaki na matuta matatu. Na mwaka ule mvua zilikuwa zimechelewa, zikaja kwa mkupuo, kwa hiyo matumba yote ya maua yalikuwa tayari kufunguka siku moja. Miaka mingine maua hutoka mara mbili au tatu, ukipoteza haya unangoja yale. Mwaka ule yangetoka mara moja. Yakianguka, mama hana kahawa mpaka mwaka wa pili, na katika umri wake mwaka wa pili hauzungumzwi kama jambo la hakika.

“Mwambie,” mama akasema, “kahawa haikodishwi ikiwa na mimba.”

Nikamwambia. Meneja akacheka, akasema bibi ana maneno, hiyo ni kontenti tosha. Nilidhani amekubali. Hapo nilikosea: kicheko cha mtu aliyesoma biashara nilikichukua kama jibu.

Siku yenyewe nilitangulia alfajiri na bilauri thelathini, ndoo mbili za barafu na chupa nne, kwa kuwa mwaka ule Tanabe alikuwa mkarimu. Nikapanga meza kwenye tuta la juu. Maua yalikuwa yamefunguka usiku huo huo. Sijawahi kuyaona vile. Hata tawi halikuonekana. Mama alitoka, akafunga jani la sale kwenye mdomo wa shamba, akarudi ndani kuweka chai.

Saa tisa zikafika Noah tano. Wakashuka na kofia zao na simu zao, watu wa kawaida kabisa, wamechoka na kona za mlimani, wana kiu. Meneja akashuka wa mwisho, amebeba mito.

“Anti, mbona meza iko huku? Sogeza chini.”

“Haisogei.”

“Usipaniki, anti. Nusu saa tu, wapige picha.”

Akashuka mpaka mdomo wa shamba. Akaliona lile jani la sale. Akadhani ni pambo nililowaandalia. Akalipiga picha, kisha akalifungua fundo, akamgeukia mama mmoja wa Dar mwenye kofia pana, akamvisha mkononi kama bangili. “Karibuni chini ya maua!” akasema, akaingia. Watu watano wakamfuata kwa safu. Nikasikia. Mnajua maua ya kahawa yakianguka hayana sauti, lakini nawaambia nilisikia. Njia yote nyuma yao ikawa nyeupe.

Mlangoni mwa jiko mama alikuwa amesimama na birika. Hakupiga kelele. Mtu aliyewahi kunitoa humo kwa sauti iliyovuka bonde alikuwa amenyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyewaleta, na alikuwa akinitazama aone nitafanya nini.

Bilauri kumi na mbili zilikuwa zimeshajazwa. Nikazimwaga nyuma ya tuta, moja baada ya nyingine, polepole, kila mtu aone. Nikazipindua mdomo chini mezani. Kisha nikazipindua na zile tupu, mpaka ya thelathini. Wageni waliokuwa bado wanashuka wakasimama. Mgeni mwenye kiu anajua mlio wa bilauri ikipinduliwa.

“Anti!” Meneja akaita kutoka katikati ya kahawa. “Unafanya nini?”

“Nimefunga baa.”

“Huwezi kufunga! Hapa ni nje, hakuna hata mlango!”

“Mlango ulikuwepo. Umemvisha mgeni mkononi.”

Yule mama mwenye kofia akautazama mkono wake. “Kwani hii ni nini, dada?”

Nikamweleza, kwa sauti ili na wale watano wasikie. Kwamba hilo ni jani la sale, na likifungwa pale linasema usiingie. Kwamba kila ua mnaloliona ni buni moja. Kwamba haya ni maua yote ya mwaka, hayana mengine nyuma yake, na ni ya yule mama mwenye birika. Kwamba kinywaji kipo, kizuri, na ni cha anayekaa juu. Aliye chini, haipo.

“Chupa ninaziona hapo,” sauti ya mwanamume ikasema.

“Hata mimi naziona,” nikasema. “Haipo.”

Yule mama akalivua jani, akaja mpaka kwa mama yangu, akapiga goti kidogo, akamrudishia kwa mikono miwili. “Shikamoo mama. Tusamehe, hatukujua.” Kisha akaja akaketi kwenye mkeka wa juu, akavua kofia. Waliobaki wakamfuata. Sitawadanganya kwamba wote waliguswa na maneno yangu. Wengi walifuata barafu. Mimi sikatai mtu kutenda haki kwa sababu ya kiu.

Wale watano nao wakaanza kutoka. Meneja alibaki peke yake katikati ya tuta la pili, mto mmoja kifuani, akinitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

“Jumatatu tutaonana ofisini,” akasema.

“Jumatatu iko mbali. Kwanza toka kwenye kahawa ya mama. Polepole. Usitikise.”

Akatoka kwa ubavu, hatua kwa hatua, kama kaa, amepandisha viwiko juu. Alipofika, mabega ya koti yake yalikuwa meupe. Mama akaweka birika chini, akamsogelea, akaanza kumwondolea maua mabegani, moja moja, akiyahesabu kwa Kipare na kuyaweka kiganjani. Meneja alisimama kama mtoto anayenyolewa.

“Kumi na saba,” mama akamwambia. “Buni hizo hazijafika hata nusu kikombe, mwanangu. Kaa unywe chai.”

Alikaa. Akanywa chai. Bilauri nikazipindua tena, nikachanganya, nikawahudumia wote waliokaa juu mpaka chupa ya nne ilipoisha. Watu waliimba, vibaya. Meneja nilimpa maji.

Jumatatu barua ilikuwa mezani. Ilisema kwamba, kwa kuwa nimefikisha umri wa kuruhusiwa, hoteli imeridhia nistaafu kwa hiari. Nilisoma falsafa miaka mitatu na sijawahi kuona hiari ya mtu mmoja ikitumiwa na mwingine kwa unadhifu kama ule. Nikasaini. Sikuomba radhi, kwa kuwa hakukuwa na cha kuombea. Maua yaliyoanguka yalikuwa ya mstari mmoja. Mengine yalishika, na mama alivuna.

Sasa nasikia vuli hii mtafanyia sherehe hapo hapo hotelini, na kwamba Meneja ameutundikia mgunga wa uani maua ya plastiki ya waridi. Mtachanganya vizuri, najua, nimewafundisha mwenyewe. Msiiweke sake dirishani. Mgeni akitaka kuvunja kitu cha mtu ili anywe vizuri, mnalo jibu, ni neno moja, na mshahara wenu utatetemeka mkilitamka. Litamkeni. Mimi nimelitamka na bado nakula.

Wiki iliyopita imekuja barua ya pili. Hoteli inadai bilauri thelathini, mali yake, zilizopelekwa mlimani na kutorejeshwa. Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, kwa hiyo nimeijibu kwa maandishi, nakala mbili. Ni kweli ziko huku. Mama ameziosha, amezipanga dirishani, na hakuna iliyopasuka. Anayezitaka azifuate mwenyewe. Mvua imenyesha juzi, kwa hiyo kabla hajakatiza shambani aangalie kwanza, na akikuta pamefungwa jani la sale, apite njia ya juu.